Nyumba ya Magurudumu Manne

Mzee Alfayo Nyangate wa Ikonge alikuwa mtu wa kujiheshimu hata akiwa peke yake. Akienda mtoni kuoga alivaa kofia mpaka ukingoni. Akichuma chai, shati lilifungwa mpaka kifungo cha shingoni, jua liwake lisiwake. Na hiyo chai yenyewe hakuionja, kwa kuwa kanisa lake la Sabato lilimfundisha kwamba chai haifai kwa mwili. Aliipeleka kituoni, ikapimwa, naye akarudi nyumbani kunywa uji wa wimbi. Watu walimtania, "Alfayo anawauzia Wazungu dhambi kwa kilo." Yeye hucheka kidogo, kwa pua.

Lakini sifa yake kubwa ilikuwa chinsoni. Chinsoni ni zile aibu za heshima ambazo Mkisii huzinyonya pamoja na maziwa ya mama: baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, mkaza mwana hampi mkono baba mkwe, wala hawaketi bega kwa bega. Mambo haya kila mtu anayajua. Alfayo aliyajua mpaka kwenye pembe na mikunjo. Watu walimjia na maswali. Je, mkaza mwana akimletea baba mkwe maji ya kunywa, ampokee mkononi? "Aweke chini kwanza," Alfayo huamua, "kisha asogee, ndipo mzee achukue." Na hivyo ndivyo ilivyofanyika kuanzia Ikonge mpaka Kebirigo, hata mzee awe na kiu ya kufa.

Mwanawe Thadeus ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye mlima ule kuleta digrii nyumbani. Alipata kazi katika ofisi moja ya mjini Kisii, akapanga chumba huko, na mkewe Loice Kwamboka akabaki nyumbani kutunza chai, migomba na mtoto wao Gesare, aliyekuwa ameanza tu kusimama kwa kushika kuta. Thadeus alikuwa akija mwisho wa wiki. Na kila alipokuja alikuwa na uso wa mtu aliyekanyagwa.

"Baba," akasema siku moja, amesimama uani na viatu mkononi kwa sababu ya tope, "wenzangu wote niliomaliza nao wana magari. Mimi peke yangu nashuka kwenye basi pamoja na kuku."

"Kuku wamekufanya nini?" Mama yake, Bathsheba, akauliza kutoka mlango wa jikoni.

"Mama, mtu wa digrii hawezi kuingia ofisini na manyoya kwenye koti."

"Apanguse."

"Nimeweka akiba, nusu ninayo," Thadeus akaendelea, akimtazama baba yake tu. "Ninahitaji kusukumwa kidogo."

Bathsheba akageuka na kurudi kwenye chungu chake. "Huyu mtoto nilimwachisha ziwa mwenyewe," akasikika akisema huko ndani, "nikajipaka shubiri, akalia siku nyingi, nikavumilia. Kumbe shubiri imekwisha nguvu."

Alfayo hakujibu siku ile, lakini moyo wake ulikuwa umeshajibu. Tuseme kweli: haukujibu kwa ajili ya Thadeus peke yake. Alikuwa amejiona. Alijiona kwenye kiti cha mbele, kofia kichwani, kiwiko kimetoka dirishani, akiingia Sironga wakati wa makambi ya kanisa mwezi wa nane, na waumini wa kila upande wakigeuka kutazama ni nani huyo. Mwaka uliotangulia aliingia kwenye makambi hayo na matope mpaka magotini, akaoneshwa mahali pa kunawa na kijana asiyemjua. Jambo hilo lilimkaa kama mfupa wa samaki.

Basi zizi likafunguliwa. Fahali akaenda. Ng'ombe wawili wa maziwa wakaenda. Wa mwisho alikuwa mtamba mdogo mwekundu, ambaye Alfayo alikuwa amempa mjukuu wake Gesare kwa kinywa chake mwenyewe siku aliponyolewa nywele za kwanza. Huyo naye akaenda. "Nitamrudishia," mzee akauambia moyo wake, na moyo ukakubali upesi, maana moyo haudai ushahidi.

Kule kituo cha chai wanawake walilichambua jambo hili vizuri kuliko majani.

"Hivi digrii ni nini hasa?" mmoja akauliza.

"Ni karatasi inayokula ng'ombe."

"Aa, mwacheni. Baba akiwa nacho, ampe nani? Ampe mchwa?"

"Wangu akiniomba hata baiskeli nitampa barabara. Aitembee yote, ni yake."

Wakacheka, wakainua vikapu, na kila mmoja akaenda nyumbani akiwaza kama wake naye angesoma.

Gari lilifika Ijumaa moja jua likiwa bado juu. Lilikuwa Pijo 404 nyeupe, na lilipanda kilima likinguruma kwa adabu, watoto nyuma yake kama nyuki. Alfayo alikuwa amenyolewa tangu asubuhi. Alikuwa amesimama penye lango na koti lake la kanisani, akijifanya amekuja kutazama kama lango linahitaji msumari.

Katika waliokuja kuona alikuwamo Ondieki, jirani yake na mtu wa rika lake, waliotahiriwa msimu mmoja. Watu wa rika hawaoneani haya. Kutaniana kwao ni kama salamu. Ondieki alilizunguka gari mikono nyuma, akainama kwenye gurudumu la mbele, akaligonga kwa fimbo.

"Huyu ni fahali," akatangaza. "Mwoneni alivyovimba shingo." Akaenda nyuma. "Na huyu ni yule ng'ombe aliyekuwa akila mahindi yangu kila mwaka. Habari yako, bibi? Leo umevaa raba! Huyu hapa ni dada yake. Na huyu mdogo mdogo ni mtamba wa Gesare, bado hajapata hata meno."

Watu wakapasuka kwa kicheko. Alfayo naye akacheka, maana siku hiyo hakuna kilichoweza kumuudhi. Thadeus akafungua mlango wa mbele, akautoa vumbi kwa leso yake, akasema, "Baba, ingia. Tuzunguke mpaka Kebirigo turudi."

Alfayo akavuta pumzi. Akatia mkono kwenye mlango. Akainua mguu.

"Ndugu yangu," Ondieki akasema kwa sauti ya upole sana, "ngoja kidogo. Hii ni nyumba ya nani?"

"Nyumba gani? Hili ni gari."

"Naona. Mimi nauliza tu, maana wewe ndiye mwalimu wetu." Ondieki akageukia watu. "Mwaka jana mvua ya mawe ilinikamata njiani, mawe kama mayai. Nikakimbilia jikoni kwa mwanangu Makori, nikasimama nyuma ya mlango kama kuku mgonjwa. Si ndivyo? Na huyu ndugu yangu akaniweka mbele ya wazee. Nikasema, lile ni jiko tu, si nyumba! Akanijibu nini?"

Wote walikumbuka. Ondieki alitozwa mbuzi wa kulisafisha jambo lile, na wazee walimla mbuzi huyo wakimsifu Alfayo.

"Alisema hivi: penye paa, na mlango, na mwana aliyeoa akapatandika blanketi lake, baba hapaingii. Sasa Thadeus, mwanangu. Hili lina paa?"

"Linalo, baba."

"Milango?"

"Minne!" Thadeus akasema kwa fahari.

"Ufunguo hushikwa na nani?"

"Na mimi."

"Na kulala je? Pana pa kulala?"

Hapo ndipo elimu ilipomponza. "Viti hivi ni kama kitanda!" Thadeus akaeleza, akiufungua mlango wa nyuma ili wote waone. "Juzi nikitoka kulinunua mvua ilinikwamisha njiani, nikalala humu mpaka asubuhi, wala sikuhisi baridi. Hata blanketi langu naliacha humu humu."

Kweli, lilikuwa humo. Lilikuwa blanketi la kijivu lenye mistari myekundu, limekunjwa vizuri. Watu walilitazama kimya kama wanavyotazama maiti.

"Blanketi," Ondieki akasema taratibu.

Mguu wa Alfayo ulikuwa bado hewani. Akaushusha. Akatazama mkono wake juu ya mlango, kisha akavuta mkono wa koti na kupangusa pale aliposhika, kana kwamba kupangusa ndiko kulikomleta.

"Ni gari zuri," akasema. "Nendeni mkazunguke. Mimi nina kazi langoni."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Tangu siku hiyo, mtu ambaye angepita Ikonge asubuhi ya Sabato angekutana kwanza na Pijo nyeupe ikiteremka kwenda kanisani, Thadeus kwenye usukani, na nyuma Loice na mtoto. Kando yao alikaa Bathsheba na kitambaa cheupe kichwani, kwa sababu mama mtu hazuiwi kama baba mtu; naye aliwapungia watu kwa vidole viwili kama mke wa diwani. Kisha mtu huyo angesubiri kidogo, vumbi litue, na kutoka ndani ya vumbi angemwona mwenye ng'ombe akija kwa miguu, Biblia kwapani.

"Baba, ingia tu!" Thadeus alikuwa akipunguza mwendo na kumwita.

"Nanyoosha miguu."

Alijaribu njia zote. Alimuuliza mchungaji, naye mchungaji akakuna kidevu na kusema kwamba katika Maandiko kuna magari ya farasi mengi, lakini haikuandikwa nani aliketi na mkwewe. Alimwambia Bathsheba kwamba pengine buti la nyuma si sehemu ya nyumba. Buti ni ghala, na ghalani mzee anaweza kuingia.

"Vizuri," Bathsheba akasema. "Panda kama mkungu wa ndizi, nikakuuze Kebirigo."

Thadeus naye alichoka kuona baba yake akila vumbi. "Baba, hayo mambo yamepitwa na wakati. Chuoni hakuna mtu anayeuliza gari ni nyumba ya nani."

Alfayo akamtazama. "Wewe ukiyaacha utabaki na digrii," akasema. "Mimi nikiyaacha nitabaki na nini?"

Thadeus aligeuza maneno, akasema kwamba gurudumu moja limekwisha na mshahara bado uko mbali, kama baba angeweza kumsukuma kidogo tena.

"Gari hili linakula kuliko ng'ombe," Bathsheba akasema, "na bado halijatupa maziwa, wala samadi ya migomba."

Neno hilo la maziwa Alfayo alilimeza bila kulitafuna. Lakini asubuhi moja, akiwa anatoka kukagua chai umande ukiwa bado majanini, alimwona mkaza mwana wake akija kwa njia nyembamba itokayo kwa Ondieki. Gesare alikuwa mgongoni. Mkononi Loice alishika jagi dogo lililofunikwa kwa jani la mgomba. Alipomwona mzee alitoka njiani, akasimama kwenye nyasi, akatazama chini kama inavyotakiwa.

"Mmeamkaje, baba?"

"Tumeamka vyema," Alfayo akaziambia nyasi. "Umetoka wapi mapema hivi?"

"Hapo kwa jirani tu."

Hakusema zaidi, wala hakuficha jagi, wala hakulionesha. Tone moja jeupe lilikuwa limeteremka kando ya jagi na kuacha mstari. Gesare alinyoosha mkono kutoka mgongoni, akafungua na kufumba vidole, akimwita babu yake kwa namna ile yao watoto. Loice akapita. Alfayo alifika nyumbani, akaletewa uji, akaukoroga mpaka ukapoa. Nyumba iliyokuwa ikigawia majirani maziwa, leo mtoto wake anabebewa kwa jagi kutoka kwa Ondieki! Na Ondieki, mtu wa mdomo ule, hakuwa amelitamka hata mara moja. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Makambi yakakaribia. Alfayo alikuwa ameshawaambia wazee wa kanisa wa Sironga, tena si mara moja, kwamba mwaka huu wasimtafute miongoni mwa wanaonawa miguu. Maneno hayo yalikuwa yamekwenda na hayawezi kuitwa yarudi.

"Ndugu yangu," Ondieki akamuuliza penye kituo cha chai, watu wakisikia, "Sabato ijayo unakuja na gari, au unakuja nyuma ya gari?"

"Utaniona."

"Nitakuona sana. Vumbi likipungua."

Ijumaa ya kuamkia makambi, mchana, Thadeus akiwa amekwisha kuja tangu jana kwa ruhusa ya kazini, Alfayo alikaa nyuma ya ua wa mabingobingo akitia mpini kwenye jembe. Upande wa pili wa ua, Loice alikuwa akimwogesha Gesare katika beseni. Mzee alitaka kuondoka, kisha akasikia jina lake likitajwa, na mtu mwenye jembe mkononi hawezi kuondoka bila kelele.

"Gesare, mama, lete mguu," Loice alikuwa akisema. "Lete na huu mwingine. Sasa nisikilize. Mimi mdomo wangu hauwezi kumfikia sokoro wako, lakini wako unaweza."

Sokoro ni babu. Na kwao, mke wa mwana akiwa na neno zito kwa baba mkwe, humwambia mtoto, na upepo hulifikisha. Alfayo akaweka jembe chini.

"Mwambie hivi: sokoro, siku niliponyolewa ulinipa mtamba mwekundu. Zizini hayupo. Ameingia wapi?" Maji yakapigwa na viganja vidogo. "Eee, ameingia kwenye gari. Na wale wengine walikuwa wa sokoro mwenyewe. Na baba yako, kwa kweli, ameweka akiba yake, lakini zaidi ameweka blanketi. Blanketi hilo nimelitoa asubuhi. Nimelifua."

Alfayo akainua macho. Juu ya kamba, katikati ya nepi, blanketi la kijivu lilikuwa likidondosha maji.

"Nimemwambia baba yako kulala garini kumekwisha, mvua ikimkamata, atafute nyumba za watu. Na ufunguo nimemwomba aukabidhi kwako. Kwa hiyo lile gari ni la nani? Ni lako. Na mjukuu na babu wana chinsoni gani? Hawana hata moja. Mjukuu humwita babu mume wangu, na mume haulizi ruhusa ya kuingia kwa mke wake." Akamnyanyua mtoto, akamfunga kwenye leso, sauti ikawa chini. "Mimi mama yako nitakaa nyuma kama abiria, tutatundika leso katikati. Tena mwambie jambo lingine dogo, asikasirike. Mwambie mwenye gari hanenepi. Maziwa ya jirani ni ya wema, lakini yana maji."

Kuku mmoja alilia mahali, akanyamaza. Alfayo alikohoa kile kikohozi cha kubisha hodi.

"Mke wangu," akasema kupitia majani.

Gesare akajibu kwa lugha yake.

"Nimesikia. Mwambie mama yako gari nimelielewa. Na mtamba atarudi. Si baada ya gari kushiba. Kabla."

Loice hakujibu, maana hakuwa ameambiwa yeye. Lakini alimwogesha mtoto mara ya pili bila sababu, akiimba.

Asubuhi ya Sabato, Ondieki alikuwa amesimama langoni mapema, amevaa suti yake ya kahawia, baiskeli imeegemezwa. Hakutaka kusimuliwa, alitaka kuona. Alimwona Alfayo akitoka na kofia yake, akalielekea gari, akashika mlango wa mbele kama mtu anayeshika mlango wa chumba chake.

"Nyumba ya nani?" Ondieki akauliza.

"Ya mke wangu."

"Bathsheba amenunua gari?"

"Mke mdogo."

Bathsheba akamleta Gesare, amevaa gauni la njano, na shingoni, kwenye utepe, ufunguo wa Pijo. Ondieki aliingiza kichwa dirishani, akanusa, akatafuta blanketi, halikuwapo. Alikuta leso yenye maua imetundikwa nyuma ya kiti cha mbele, na nyuma ya leso, mkaza mwana ametulia kama abiria aliyelipa nauli.

"Mtamba alikuwa wake?" akauliza.

"Ulimsalimia mwenyewe kwenye gurudumu, mbele ya watu wote."

Hapo Ondieki alicheka mpaka akashika baiskeli isianguke. Ni mtu wa mdomo, lakini si mtu wa kinyongo. "Alfayo, kama ningejua hili wakati wa mvua ya mawe, mbuzi wangu angekuwa hai leo." Kisha akapangusa macho, akaliangalia gari, akaiangalia barabara, akaangalia baiskeli. "Lakini mimi nami si ni babu yake? Huyu hunywa maziwa yangu."

"Maziwa yako," Bathsheba akasema, "na maji ya mto wetu."

"Basi nina haki mara mbili."

Kiti cha mbele kilikuwa kirefu. Ondieki akaingia katikati, kati ya baba na mwana, naye Alfayo akasema hiyo ni vizuri, maana baba na mwana nao hawafai kubanana. Wakiwa na ukuta wa kahawia kati yao ni heshima. Likabaki tatizo moja. Thadeus alihitaji ufunguo, na mwenye gari hakutaka kuutoa. Msomi wa ofisi ya Kisii alisimama kwenye mlango wa gari akimbembeleza binti yake kwa ndizi mbivu, na watu waliokuwa wakipita kwenda Sironga walisimama kupumzika na kuona nani atashinda.

Hatimaye wakaondoka. Alfayo alimpakata Gesare, kiwiko kimetoka dirishani sawasawa kama alivyokiwaza miezi yote ile.

"Punguza mwendo," akamwambia mwanawe.

"Baba, tutachelewa."

"Yule si mzee wa kanisa wa kule juu? Punguza nimsalimu."

Wakamsalimu. Wakamsalimu na aliyemfuata, na wanawake wenye vikapu, na mtu mmoja aliyekuwa anafunga kamba ya kiatu na hakuona kitu, ikabidi Ondieki amwite. "Inua kichwa, bwana, unasalimiwa na gari!" Nyuma ya leso Bathsheba alisikika akisema kwamba kwa mwendo huu hata ng'ombe wenyewe wangekuwa wamefika. Loice alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Ndivyo walivyofika Sironga. Pijo ikakata kona, ikaingia uwanjani, ikapita mbele ya maturubai yote, mbele ya umati mzima wa waumini wa Nyamira, na kusimama mahali wazi kabisa, palipoonekana na kila mtu.

Na kila mtu alikuwa amepiga magoti, amefumba macho.

Maombi yalikuwa katikati. Yule aliyeomba alikuwa mtu wa pumzi ndefu. Alikuwa bado anaombea wagonjwa, wasafiri na yatima hajawafikia. Si uso mmoja uliogeuka. Mbwa peke yake ndiye aliyelitazama gari, akapiga miayo.

Thadeus akashuka kimya kimya na kupiga magoti kwenye nyasi. Ondieki akateleza nyuma yake, mabega yakimtikisika. Bathsheba na Loice wakatoka kwa nyuma.

"Mimi nitangoja Amina," Alfayo akanong'ona. "Nitashuka watakapofumbua."

Akangoja. Akanyoosha kofia. Akaweka mkono kwenye kitasa, tayari. Lakini joto la gari, na ule mwendo wa polepole, na ndizi, vilikuwa vimefanya kazi yake: Gesare alikuwa amelala. Alilala kwa uzito wote, mdomo wazi, mkono mmoja umekishika kifungo cha shati la babu yake, kile cha shingoni. Pumzi yake ilikuwa na harufu ya maziwa, maziwa hafifu. Alfayo alilitazama shavu lake kwa karibu, kama hajawahi kupata nafasi ya kulitazama. Ni kweli, mtoto hakuwa amenenepa.

"Amina!" uwanja ukapaza sauti.

Watu wakafumbua macho, wakainuka wakijikung'uta magoti. Sasa waliliona gari. Vichwa vikageuka safu kwa safu, na wale wazee wa Sironga, wale wenyewe, wakanyoosha shingo kuona ni nani atakayeshuka. Bathsheba akamwonesha kwa mkono: shuka, wakati ndio huu!

Alfayo akatikisa kichwa. Akamwonesha mtoto. Taratibu, ili asimguse kwa ukingo, akavua kofia, akailaza juu ya miguu midogo iliyotoka kwenye gauni. Umati ulingoja, kisha ukachoka kungoja, ukaanza wimbo. Mzee aliusikilizia ndani, akiimba bila sauti, kwa midomo tu.

Ibada ilipofika mapumziko, Thadeus alikuja akainama dirishani.

"Baba, wazee wanakuuliza. Nimewaambia unakuja." Akasita, akaangalia huku na huko, akashusha sauti. "Halafu, najua leo ni Sabato, hatuzungumzi pesa. Lakini kesho narudi mjini, na petroli haitafika Kisii. Kama ungenisukuma kidogo tu, mara hii ya mwisho..."

Alfayo hakuinua macho.

"Gari lina mwenyewe," akasema. "Muulize yeye. Ila usimwamshe."